Barakoa na Uhuru wa Mtu

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa akipanga nguo sandukuni, akatoa barakoa tatu za kitenge alizozishona kwa mkono wake mwaka 2020. Mtoto wetu mdogo, ambaye siku zile alikuwa hajazaliwa, akatwaa moja akaivaa kichwani kama kofia, na watu wote wa nyumbani wakacheka. Mimi sikucheka. Kitambaa kile kidogo kilinikumbusha jambo ambalo nalikusudia kuliandika tangu zamani, nami nimelikawiza kwa kuwa si habari ya kunisifu.

Neno hili barakoa si geni katika lugha yetu. Zamani wanawake wa jamaa kubwa za Unguja walivaa barakoa usoni, kama walivyovaa wenzao wa Oman, nayo ilikuwa vazi la heshima. Lakini barakoa ya mwaka 2020 ilitufikia kwa njia nyingine. Ilifuatana na sheria, na faini, na askari. Tarehe 13 Machi mwaka ule Serikali ya Kenya ilitangaza ya kuwa mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa Korona ameonekana nchini. Haukupita muda shule zikafungwa. Mwezi wa Aprili ikatoka amri ya kwamba kila mtu aliye mahali pa watu afunike pua na mdomo, na asiyetii atozwe faini isiyozidi shilingi 20,000, au afungwe muda usiozidi miezi sita, au apewe adhabu zote mbili. Kwetu huku milimani Taita, shilingi 20,000 ni fedha ya kushika siku ile mtu auzapo ng'ombe.

Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021, mwalimu mkuu alinipa kazi ya kusimama langoni kila asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, na kumpima joto, na kutazama kama ana barakoa. Asiye nayo arudi nyumbani. Kusema kweli naliipenda kazi ile. Nalifundishwa katika chuo cha ualimu kilichoanzishwa na wamisheni, na huko tulizoezwa ya kuwa kengele ikilia mtu asimame papo hapo alipo. Tangu siku zile napenda utaratibu. Walakini kuna kupenda utaratibu, na kuna kupenda kuamuru. Na mambo haya mawili ni kama mapacha, mgeni hawezi kuwatenga.

Asubuhi ile ya kwanza naliwarudisha nyumbani watoto 11. Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la saba, mwenye akili ya hesabu, ambaye alilelewa na babu yake mzaa mama. Hakuwa na barakoa, lakini alikuwa amejifunga kipande cha leso puani na mdomoni, akakikaza kwa fundo kisogoni. Nikamwambia, "Hiyo si barakoa." Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, babu amesema tutanunua akiuza ndizi Jumamosi." Nami, kwa kuwa watoto wengine walikuwa wakinitazama, nikapaza sauti nikasema, "Mwambie babu yako ya kuwa sheria haina babu." Watoto wakacheka. Naliona nimesema neno zuri. Yule msichana akageuka, akashuka njia ya bondeni, na leso bado iko usoni pake.

Katika wale 11, tisa walirudi juma lile lile. Wa kumi alirudi baada ya mwezi mmoja. Yeye hakurudi.

Jioni yake mzee alikuja nyumbani kwangu. Nalimpa shikamoo, akaitikia, lakini alikataa kiti. Akasema, "Mwalimu, umemfukuza mjukuu wangu kwa ajili ya kitambaa, naye kitambaa alikuwa nacho." Nikamweleza habari za sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka hata leo, nami nitayaandika kama alivyoyasema, maana hayakuwa maneno ya mpumbavu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesoma Torati. Mle ndani mwenye ukoma ndiye aliyeamriwa kufunika mdomo wake, ili watu wamjue wamwepuke. Sasa mmetuamuru sote tufunike midomo. Je, kijiji kizima kina ukoma? Jambo la pili: wakubwa walikusanya maelfu ya watu katika mikutano ya siasa, wamebanana kama mahindi katika gunzi, na barakoa zao ziko kidevuni. Hawakufukuzwa. Jambo la tatu: nalikwenda mjini na gunia la mboga mgongoni, pumzi ikaniishia kilimani, nikaiteremsha barakoa nipate kupumua. Askari wakanishika. Hawakunipeleka kwa hakimu. Nalitoa shilingi mia mbili, ndizo nalizokuwa nazo, wakaniacha. Niambie wewe uliyesoma: zile mia mbili ziliua ugonjwa gani? Na jambo la mwisho: kupumua sikupewa na Serikali, wala na shule yako. Mtu akiniamuru juu ya pumzi yangu, kimebaki nini kilicho changu?"

Basi, juu ya mikutano alisema kweli. Hata Rais mwenyewe ilimlazimu kuisimamisha kwa siku 60 mwezi wa Novemba 2020, maradhi yalipozidi. Lakini sikumkubalia hata neno moja. Nalimjibu kama askari. Nalimwambia sheria ni sheria, wala mimi sikuitunga. Akanitazama kidogo, akaaga, akaenda zake gizani.

Mwezi wa Februari nilipata jibu langu. Nalikuwa mjini nangoja gari la kurudi kijijini, nikanunua njugu, nikateremsha barakoa nile. Askari wawili wakanijia. Naliwaambia mimi ni mwalimu, nalikuwa nakula tu. Wakasema nitayaeleza hayo kituoni, na kwamba leo ni Ijumaa, huenda nikalala huko mpaka Jumatatu. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Nikatoa fedha, wakazipokea, wakaniambia nenda. Nikapanda garini na barakoa bado i kidevuni, wala hapana hata mmoja wao aliyeniambia niipandishe. Hapo ndipo nalipoufahamu uchungu wa mzee. Amri iliyotungwa ili kulinda vifua vya watu ilikuwa imegeuzwa mtego wa kunasia mifuko yao, na mimi langoni pangu nalikuwa nimeigeuza fimbo ya kujikuzia jina.

Tangu hapo nalianza kutafuta habari juu ya jambo hili, nikaona ya kuwa si mara ya kwanza watu kugombana na kitambaa. Mwaka 1918 yalitokea mafua makali yaliyoua mamilioni ya watu duniani, na mwaka ule ule yalifika Mombasa yakaenea bara. Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, baraza la mji lilitoa amri mwezi wa Oktoba 1918 ya kwamba kila mtu afunike pua na mdomo kwa kitambaa cha shashi. Mwanzoni watu wengi walitii, kwa kuwa vita vikuu vilikuwa havijakwisha, na kuvaa kulihesabiwa kuwa kuitumikia nchi. Walakini mamia walikamatwa, wakatozwa faini, na wengine wakafungwa. Siku moja mhunzi wa viatu vya farasi alikataa kuvaa, akapigana na mkaguzi wa afya aliyemkataza. Mkaguzi yule akatoa bastola akampiga risasi, akamjeruhi yeye pamoja na watu waliokuwa karibu.

Kisha likatukia jambo lililoharibu zaidi. Meya wa mji, James Rolph, ambaye ndiye aliyewahimiza watu wavae, alikwenda kutazama mchezo wa ngumi, akapigwa picha usoni hana kitu. Akatozwa faini ya dola 50. Daktari mkuu wa afya wa mji, William Hassler, alikuwako papo hapo, naye pia akatozwa faini. Tarehe 21 Novemba amri ikaondolewa, na watu wakazitupa barakoa njiani kwa furaha. Maradhi yakarudi. Januari 1919 amri ikarudishwa, lakini mioyo ya watu ilikuwa imebadilika. Wakaunda chama cha kupinga barakoa, mwenyekiti wake mwanamke mwanasheria, na watu kama elfu mbili au zaidi wakakusanyika katika ukumbi mmoja, wakisema ya kuwa faida yake haijathibitishwa na ya kuwa amri inavunja uhuru wao. Tarehe 1 Februari 1919 amri ikafutwa. Mafua yale yaliua zaidi ya watu 3,000 katika mji ule.

Nalipoyasoma hayo nalishangaa. Wale ni watu wa mji mkubwa ng'ambo ya bahari, wa zaidi ya miaka mia iliyopita, lakini maneno yao yalikuwa ni yale yale ya mzee wa bondeni: wakubwa hawavai, askari wanatuonea, na pumzi ni yetu. Basi nikajua ya kuwa hayo si ujinga wa kijijini. Ni kilio cha binadamu po pote anapoamriwa bila kuheshimiwa.

Sasa msomaji ataniuliza, "Je, mzee alikuwa na haki katika yote?" La. Katika jambo moja hakuwa na haki, nalo ni lile la mwisho. Ugonjwa wa Korona huenda katika matone madogo mno na mvuke utokao kinywani na puani mtu akisema, au akiimba, au akikohoa. Tena mtu aweza kuwa nao asijisikie kuumwa, akawapa wengine. Ndiyo maana barakoa haikuwa alama ya mkoma. Mkoma wa zamani alijulikana, sisi hatukujuana. Pumzi ni yangu ikiwa kifuani mwangu, lakini ikiisha kutoka si yangu tena, yaingia kifuani mwa jirani. Mtu ana ruhusa ya kuchoma majani katika shamba lake. Lakini upepo ukivuma kuelekea nyumba ya mwenzake, hangoji chifu aje amkataze. Mtume Paulo naye alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama, hakusema ya kuwa kula ni haramu. Alisema yeye yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote, kama kula kwake kunamwangusha ndugu. Huo ndio uhuru wa mtu mzima, kuweza kuacha lililo halali yako kwa ajili ya mwingine.

Wala sisemi hayo kwa wepesi. Mwezi wa Agosti 2021 tulimzika mwalimu mwenzangu, aliyekuwa akiongoza kwaya yetu. Alikwenda hospitali kwa miguu yake siku ya Jumatatu, na Jumapili tukapelekewa habari.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana ukweli hauna upande. Wenye elimu nao walibadili shauri lao mbele ya macho yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote wenye afya wavae barakoa. Tarehe 5 Juni likawashauri wavae mahali ambapo ugonjwa umeenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Kubadili neno kwa sababu umejua zaidi si uongo. Mwalimu mwema hufuta ubao akiona amekosea. Ila asiyeelezwa sababu huona ya kuwa amechezewa.

Tena kuna habari ya Bangladeshi, nayo ndiyo iliyonichoma zaidi. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021, wataalamu walifanya majaribio katika vijiji 600 vya nchi ile, vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji waligawa barakoa bure, wakawaeleza watu faida yake, wakawaomba viongozi wa vijiji na wa dini wazivae wao kwanza, na asiye nayo njiani alikumbushwa kwa upole akapewa nyingine. Hapakuwa na faini. Mahali ambapo hawakugawa, watu 13 katika 100 walikuwa wakivaa sawasawa. Mahali walipogawa, walivaa watu 42 katika 100. Na wagonjwa waliothibitishwa kwa kupimwa damu walipungua kadiri ya 9 katika kila 100. Kupungua huko si kwingi, lakini ni kweli. Na kulionekana wazi kwa barakoa za namna ya hospitali. Kwa zile za kitambaa hakukuonekana faida iliyo dhahiri.

Fikirini basi, wasomaji. Barakoa nalizozidai langoni zilikuwa za kitambaa, kama zile za mke wangu. Leso ya mtoto yule na kitenge changu havikutengana sana kama nalivyodhani. Na njia iliyowafanya watu wavae haikuwa kelele, bali ni kupewa, na kuelezwa, na kumwona mkubwa amevaa. Mambo hayo matatu nalikuwa na uwezo wa kuyafanya mimi mwenyewe, bila kungoja Serikali. Nyumbani mwangu mlikuwa na cherehani, na mke wangu alikuwa na vipande vya kitenge kikapuni.

Baada ya kukamatwa kule mjini nalishuka bondeni, na barakoa mbili mpya mfukoni. Nalimkuta mzee akimenya mihogo. Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuomba radhi." Akaniuliza, "Kwa Serikali au kwako?" Nikasema, "Kwangu." Akapokea zile barakoa, akazitazama mshono, akaziweka juu ya kigoda. Kisha akasema, "Umechelewa, mwalimu. Mjomba wake alipita juma lililopita akamchukua Mombasa akamlelee mtoto. Alisema kama shule haimtaki, kazi inamtaka. Lakini kaa, unywe uji." Nikaketi nikanywa, nao haukushuka vizuri.

Nalipeleka barua kwa mjomba, nikapiga na simu. Nalijibiwa kwa adabu, lakini mtoto hakurudi. Sasa amekuwa mtu mzima, anauza vitumbua karibu na kituo cha magari. Tulipoonana mara ya mwisho aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akanifungia vitumbua vinne, akapiga hesabu ya chenji kichwani kabla sijafungua mkoba. Alikuwa hodari wa hesabu siku zote.

Na lile la mzee pia nitalisema. Siku tulipomzika mwalimu mwenzangu, watu walikuwa wachache kama ilivyoamriwa, nasi tulisimama mbalimbali. Nikamwona mzee yule chini ya mwembe, amevaa ile barakoa ya kitenge, imefunika pua na mdomo sawasawa. Hapakuwa na askari pale. Hapana aliyemwamuru. Yaliyomshinda kwa faini na kwa maneno yangu ya langoni, aliyafanya kwa hiari yake mbele ya kaburi, kwa ajili ya watu waliokuwa karibu naye.

Tarehe 11 Machi 2022 Waziri wa Afya alitangaza ya kuwa si lazima tena kuvaa barakoa mahali pa wazi, na watu wakazisahau upesi. Lakini maradhi mengine yatakuja, maana hayakukoma tangu zamani, na amri nyingine zitakuja pamoja nayo. Sisi walimu, na wazee wa kanisa, na machifu, ndio tutakaowekwa malangoni. Siwaambii muache lango wazi. Mimi nikiamriwa nitasimama tena, na nitamwambia mwenye kunung'unika ya kuwa jirani yake naye ana kifua. Ila nitakwenda huko nimevaa mimi kwanza, nami nitakuwa na nyingine mfukoni za kuwapa wasio nazo. Na mtoto akija na leso amejifunga mwenyewe, nitajua ya kuwa amekwisha kutii, na kilichobaki ni deni langu.

Mimi wenu,
Mwalimu wa Shule, Taita.